Huduma ya utafiti wa selimundu katika hospitali moja ya rufaa Dodoma: tathmini ya mzazi

Ninayoitathmini hapa ni huduma ambayo mwanangu na mimi tunaipata kama washiriki wa utafiti wa tiba katika hospitali moja ya rufaa jijini Dodoma. Mtoto ana selimundu, ugonjwa ambao majumbani tunauita siko seli, na utafiti wenyewe unafuatilia namna dozi ya haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa huu, inavyopangwa na kurekebishwa kwa watoto wanaohudhuria kliniki ya kawaida. Hospitali siitaji, kwa kuwa utafiti haujafungwa na washiriki tumeahidiwa usiri ambao sina haki ya kuuvunja kwa niaba ya wazazi wenzangu. Ninachoweza kukieleza bila kumdhuru yeyote ni jinsi watu wanaoufanya utafiti huo wanavyoshirikiana, kwa sababu hilo ndilo ambalo mzazi anayeombwa kumwandikisha mtoto wake huwa halioni mapema, na ndilo ambalo kwa maoni yangu linatenga utafiti wa kuaminiwa na utafiti wa kukimbiwa.

Kipimo ninachokitumia ni makabidhiano. Mtafiti mkuu, ambaye jina lake ndilo linaloandikwa juu ya fomu, tumekutana naye mara chache, na sina cha kumlaumu kwa hilo. Kazi ya kila siku imo mikononi mwa wauguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, karani wa takwimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na dereva, na kila mmoja wao hupokea kitu kutoka kwa mwenzake: fomu, chupa ya damu, tarakimu, jina la kitongoji. Kitu hicho kikipokelewa kamili na kwa wakati, mtoto anahudumiwa vizuri. Kikikwama njiani, hata daktari bingwa hana namna ya kukiokoa.

Dawa yenyewe ndiyo inayofanya jambo hili liwe zito. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka hapa Tanzania, na nchi yetu si ngeni katika utafiti wa ugonjwa huu, kwa kuwa Muhimbili ilianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa katika kundi ambalo limekuwa miongoni mwa makubwa zaidi duniani kwa kituo kimoja. Haidroksiyurea ilikuwa ikitumika Marekani na Ulaya kwa miaka mingi huku madaktari wengi wakisita kuwapa watoto wa Afrika, wakihofia kwamba dawa inayoshusha chembe nyeupe za damu ingewaacha wazi kwa malaria na maambukizi mengine. Hofu hiyo ilipungua baada ya jaribio lililofanyika Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya na Uganda, ambapo watoto 606 walianzishiwa dawa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yakaonyesha kwamba vipindi vya maumivu, malaria, mahitaji ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa tangu mwaka 2023 ikipandikiza uloto, yaani uboho wa ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu, jambo la kujivunia. Lakini upandikizaji unahitaji mchangiaji anayelingana na mtoto, ambaye kwa kawaida ni ndugu wa tumbo moja, na kwa sababu hiyo watoto walio wengi wataendelea kutegemea kidonge na kliniki. Basi ni muhimu kliniki hiyo ifanye kazi sawasawa.

Dozi huanzia miligramu 15 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito, kisha huongezwa polepole kwa kuitazama picha kamili ya damu, yaani kipimo kinachohesabu chembe za damu. Muuguzi akimpima mtoto akiwa amevaa viatu na sweta zito, akazidisha kilo mbili, amekwisha kuongeza miligramu 30 au 40 ambazo hakuna aliyezikusudia. Katika timu hii mtoto huvuliwa sweta na viatu, muuguzi wa pili husoma mizani bila kuangalia alichoandika wa kwanza, na mtoto huvikwa tena haraka, kwa kuwa asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu zina baridi, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayochochea maumivu ya selimundu. Ni jambo dogo ambalo sijawahi kuliona likirukwa, hata siku ambazo foleni imefika nje ya mlango.

Nitakaa zaidi kwenye ridhaa, kwa sababu hapo ndipo timu inapojionyesha mapema kuliko mahali pengine popote. Siku tulipoombwa kushiriki nilikuwa nimefuatana na mama mkwe wangu, mwenyeji wa Kongwa, ambaye Kiswahili anakielewa lakini mambo mazito huyazungumza kwa Kigogo. Muuguzi aliyekuwa na fomu alipotambua hilo, alimwita mwenzake aliyekulia Mpwapwa, akamwachia kiti. Dada huyo alianza kwa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akauliza habari za nyumbani na za shamba kama inavyostahili kwa mtu wa umri ule, ndipo akaanza kueleza utafiti kwa Kigogo kutoka mwanzo, akisimama mara kwa mara kumwomba bibi aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Bibi alipouliza damu ya mjukuu wake inapelekwa wapi na nani anainunua, hakuna aliyecheka. Anayekijua kizazi chake anajua kwamba hofu ya mumiani ilikuwa hofu ya kweli, na kwamba anayeuliza swali hilo anamlinda mtoto. Dada yule alichukua chupa mbili zinazotumika, akazijaza maji hadi kwenye alama, akayamimina kwenye kijiko cha chai ili bibi ajionee kwamba kijiko hakikujaa. Kisha akamwita mtaalamu wa maabara, aliyekuja mwenyewe na kumwonyesha bibi, kupitia dirisha, mashine ambamo damu ile ingeingizwa.

Fomu yenyewe ilikuwa ya Kiswahili kinachosomeka, na ilisema mambo ambayo mzazi yeyote anapaswa kuyatafuta kabla ya kutia sahihi. Ilisema kwamba tunaweza kujitoa wakati wowote bila mtoto kupoteza huduma ya kliniki. Ilieleza kwamba damu inayobaki huhifadhiwa hapahapa, na kwamba ingehitajika kupelekwa nje ya nchi, kibali kingine kingetafutwa. Ilikuwa na namba ya simu ya kamati ya maadili iliyoidhinisha utafiti pamoja na kumbukumbu ya kibali kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Tuliruhusiwa kwenda nayo nyumbani Nkuhungu, tukaisoma na baba wa mtoto, na tuliporudi hakuna aliyetuuliza kwa nini tumechelewa. Mwanangu naye, aliyekuwa ametimiza miaka minane, aliulizwa peke yake kama anakubali, kwa maneno ya mtoto, na akapewa nafasi ya kukataa sindano ya siku ile. Aliitumia, na sindano ikaahirishwa.

Bibi aliridhia kwa sababu yake mwenyewe. Kongwa imeishi na utafiti wa trakoma, ambayo vijijini huitwa vikope, tangu miaka ya 1980, na mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya wilaya hiyo, ambapo familia zilihamasishwa kuwanawisha watoto uso pamoja na kupewa dawa ya macho, na trakoma kali ikapungua ikilinganishwa na vijiji vilivyopata dawa peke yake. Leo kunawa uso ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kuutokomeza ugonjwa huo, pamoja na upasuaji wa kope, antibiotiki na usafi wa mazingira. Bibi hayajui hayo ya jarida. Anachokijua ni kwamba watu wa macho walikuwa wakirudi kijijini, wakiwajua watoto kwa majina na kuwaeleza wazazi walichokiona. Alimwambia dada yule kwamba naye akirudi, watakuwa marafiki. Sijapata kusikia kigezo cha haki kuliko hicho.

Maabara ndiyo sehemu niliyovutiwa nayo kuliko zote. Damu ya kupimia picha kamili huingia katika chupa yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ndani yake mna kemikali ya kuizuia isigande, na chupa hiyo lazima igeuzwe-geuzwe taratibu mara tu damu inapoingia. Isipogeuzwa, huganda kidogo, na mashine itahesabu chembe pungufu. Siku moja nilipigiwa simu nikiwa bado kituo cha daladala: mtaalamu wa maabara alikuwa ameona bonge dogo katika chupa ya mwanangu, akaikataa, akamjulisha muuguzi, na muuguzi akaniomba nirudi, akanieleza waziwazi kwamba kosa lilikuwa la upande wao, akaomba radhi kwangu na kwa mtoto. Ingekuwa rahisi kuipitisha chupa ile, kwa kuwa mashine ingetoa tarakimu vilevile, na daktari angepunguza dozi kwa sababu ya upungufu ambao haukuwamo mwilini mwa mtoto. Ninaitaja siku hiyo kama sifa kubwa kuliko zote ninazoweza kuitolea timu hii, kwa kuwa mtaalamu wa maabara aliweza kumwambia mwenzake kwamba sampuli haifai, na mwenzake hakununa.

Sampuli za akiba huwekwa katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme unapokatika, mlinzi wa zamu ndiye anayetazama kama jenereta imeshika, na ana namba ya mtaalamu wa maabara ya kupiga usiku. Karatasi ya kuandikia nyuzijoto imebandikwa mlangoni, na nimeona sahihi za watu mbalimbali zikifuatana bila pengo, zikiwamo za mlinzi. Wachache wangemhesabu mlinzi kuwa mtu wa utafiti, lakini akilala usingizi, kazi ya miaka inayeyuka.

Mfamasia ana mzigo ambao sikuutarajia. Kapsuli inayopatikana kwa urahisi ni ya miligramu 500, nayo haikatwi wala haifunguliwi ovyo, kwa hiyo mtoto anayehitaji kipimo kidogo zaidi kwa siku hupangiwa siku za kumeza na siku za kupumzika ili wastani wake ulingane na uzito. Mfamasia wetu huchora kalenda ya mwezi kwa mkono, akatia alama siku za dawa, akamweleza mtoto mwenyewe. Alinieleza pia kwamba dawa hii haishikwi na mwanamke mjamzito bila kinga, na kwamba anayeigusa avae glavu au anawe mikono vizuri, onyo ambalo linahitajika sana katika nyumba zetu ambamo shangazi au dada yeyote anaweza kumpa mtoto dawa mama asipokuwapo. Kapsuli zinazobaki huzihesabu kila tunaporudi, na anapokuta zimezidi huuliza kwa upole, kama mtu anayetafuta sababu, si kama askari.

Karani wa takwimu hana meza ya kuonekana; hukaa kwenye kona na kishikwambi chake. Mtoto katika faili lake ni namba, na orodha inayounganisha namba na majina imefungiwa mahali pengine, utaratibu ambao ulikuwapo katika maadili ya utafiti hata kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Programu anayoitumia hugomea tarakimu isiyoeleweka: mtoto hawezi kuwa mfupi kuliko alivyokuwa miezi iliyopita. Inapogoma, habahatishi wala haulizi kwa ujumbe, bali husimama na kumfuata muuguzi. Nimemwona akifanya hivyo mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba tarakimu za utafiti huu, zitakapochapishwa, zitakuwa na maana.

Watu kama yeye ndio waliobeba utafiti mwingine ambao Watanzania tunapaswa kuujua zaidi. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, huko Mbulu, si mbali na mpaka wa Singida, iliweka waangalizi waliofunzwa ndani ya chumba cha kujifungulia, usiku na mchana, ambao kazi yao ilikuwa kutazama na kuandika muda: mtoto amezaliwa saa ngapi, amelia au hakulia, mkunga ameanza baada ya sekunde ngapi kumpa pumzi kwa barakoa. Kutokana na maandishi hayo, ripoti ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kumpa pumzi mtoto asiyepumua ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Hakuna daktari ambaye angeweza kuipata tarakimu hiyo akiwa ofisini. Ilihitaji mtu mwenye saa, aliyekesha, na mkunga aliyekubali kutazamwa akifanya kazi ngumu kuliko zote. Mradi uliokua kutokana na kazi hiyo ulipelekwa baadaye katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2025.

Kuhusu mhudumu wa afya ngazi ya jamii na dereva nitasema kwa ufupi kwamba wanazijua njia za Bahi na Chamwino hata wakati wa masika, na kwamba mtoto asipofika kliniki, mtu anakwenda kumjulia hali kabla ya kumwandika kuwa amejitoa. Wanakwenda bila gari lenye nembo kubwa ya mradi, baada ya baadhi ya wazazi kueleza kwamba majirani wanapoliona wanaanza kuuliza mtoto ana ugonjwa gani.

Yapo ambayo hayaridhishi. Siku ya utafiti na siku ya kliniki ni siku moja, jambo zuri kwa nauli, lakini foleni zake ni mbili, na mtoto aliyekuja bila kunywa chai anaweza kufika saa nane mchana bila kula. Maji ya kunywa hayapo kwenye eneo la kusubiria, na mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji mengi. Hili halihitaji mfadhili wala kibali. La pili ni mikataba. Muuguzi ambaye bibi alimzoea aliondoka katikati ya utafiti baada ya mkataba wake wa mradi kumalizika, na aliyemrithi, ingawa ni mtu mwema, alikabidhiwa faili bila kukabidhiwa watu. Baadhi ya bibi na mama waliacha kuja kwa muda. Viongozi wanaoandaa bajeti wanapaswa kuelewa kwamba mtumishi anayejua lugha ya washiriki ni sehemu ya vifaa vya utafiti kama lilivyo jokofu, na kwamba wiki chache za kufanya kazi pamoja kati ya anayeondoka na anayeingia zingegharimu kidogo kuliko kuwatafuta washiriki waliopotea.

Dosari kubwa zaidi ni ya kurudisha matokeo. Majibu ya mtoto mmojammoja tunapewa siku hiyohiyo, yakiwa yameandikwa kwenye kadi, na sina malalamiko. Lakini matokeo ya awali ya utafiti mzima yaliwasilishwa kwanza kwenye mkutano wa wataalamu, na sisi tuliyajua kwa kuliona bango la Kiingereza lililobandikwa ukutani karibu na duka la dawa. Nilipouliza, daktari alikaa nami akanieleza vizuri sana, kwa subira, na nikafahamu kwamba watoto wengi wanaendelea na dozi zao bila matatizo. Maelezo yale yalistahili kutolewa kwa wazazi wote, katika kikao cha nusu saa, kwa Kiswahili na Kigogo, kabla ya bango kuchapishwa. Timu inayojua kumkabidhi mwenzake chupa ya damu kwa uangalifu wa namna ile inaweza pia kutukabidhi sisi tulichosaidia kukijua. Nimelipeleka ombi hilo kwa maandishi, na nimejibiwa kwamba kikao kitawekwa katika ratiba ya awamu inayofuata.

Ninaliweka karibu na hilo suala la majina. Katika bango lile, wauguzi wawili waliofanya kazi kubwa ya ridhaa, mtaalamu wa maabara na karani wa takwimu walitajwa kwa pamoja kuwa "watumishi wa kliniki" katika mstari wa shukrani. Kanuni za kimataifa za uandishi wa makala za tiba zinadai mchango wa kitaaluma ili mtu awe mwandishi, na sidai kila aliyeshika kishikwambi aandikwe juu. Hata hivyo, kumtaja mtu kwa jina lake katika shukrani, akiridhia, hakukatazwi na kanuni yoyote, na yule aliyebuni kalenda ya dawa za watoto amechangia wazo, si mikono tu. Ningependa siku moja kuliona jina lake miongoni mwa waandishi.

Kwa mzazi anayeombwa kujiunga na utafiti kama huu, ninashauri akubali iwapo atapata majibu ya kuridhisha kwa maswali machache: nani nitampigia simu usiku mtoto akipata homa, damu inayobaki inakaa wapi, nikijitoa kesho kliniki itaendelea kunipokea, na matokeo nitaelezwa lini na kwa lugha gani. Aulize mbele ya muuguzi, na atazame kama muuguzi anajua jibu au anamtafuta daktari kwa macho. Kuhusu gharama, vipimo vya utafiti ni bure na nauli hurudishwa taslimu siku hiyohiyo kwa kutia sahihi. Dawa nyingine za kawaida za mtoto, kama asidi ya foliki, na vipimo visivyo vya utafiti hulipiwa kwa bima au mfukoni kama kawaida, na ni vyema mzazi aombe orodha hiyo iandikwe kabla ya kutia sahihi. Kliniki huanza kupokea watu asubuhi na mapema, na anayetoka mbali, kama Kondoa au Mpwapwa, anaweza kuomba apangiwe siku ambayo mtaalamu wa maabara na mfamasia wote wako zamu, ili asirudi mara ya pili kwa ajili ya kalenda ya dawa.